Tundu la Kidakani

Ngazi nimeirudisha dukani. Nimeiegemeza nyuma ya mabunda ya nyaya, mahali pake pa siku zote, nikamwambia Latifa akiangalie kile kipandio cha tatu kwa sababu kimelegea, na akikikanyaga kwa haraka kitamwangusha. Kisha nikarudi nyumbani kwa miguu, mikono mitupu, nikakaa. Sikumbuki mara ya mwisho niliyokaa adhuhuri bila kungoja simu ya mtu aniambie waifai imekatika. Alhamdulillahi. Watu waniuliza kama nasikitika kuacha kazi. Sisikitiki. Magoti yangu hayasikitiki, na mgongo umefurahi kuliko magoti.

Latifa na Saumu, nyinyi ndio mlioachiwa kazi hii, na nyinyi ndio ninaowaandikia. Shule mimi nilikoma darasa la nne, na chuoni nikahitimu msahafu, basi. Msitafute hapa maneno ya wataalamu. Hayo mnayo kwenye karatasi zinazokuja na maboksi. Haya yangu ni yale ambayo karatasi haiyajui, kwa kuwa aliyeiandika hajapata kupiga hodi Kibokoni saa nne asubuhi akajibiwa kuwa wanaume hawapo. Habari za mishahara na nani alipandishwa cheo sitaziandika. Hizo zina wenyewe wa kuzisema, na hawachoki.

Dukani kwa Bwana Taher niliingia kama mtu wa kufagia na kupika chai. Alikuwa akiuza balbu, swichi na nyaya, kama babake aliyetoka Bara Hindi alivyouza, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi wanaojiita wenye mji. Mkwewe alipoleta biashara ya kuingiza mtandao majumbani, wakaandika vijana wawili waliosomea ufundi. Walikuwa vijana wazuri, wenye adabu, na kazi waliijua. Lililowashinda ni milango.

Wakienda asubuhi, sauti ya mwanamke yatoka dirishani juu: wanaume hawapo, rudini jioni. Wakirudi jioni, wanaume wako msikitini. Wakingoja, wanaume wametoka msikitini wakapitia kwenye kahawa. Boksi moja la waifai lilizunguka mjini na vijana wale kama sinia la posa lililokataliwa kila nyumba, mpaka katoni yake ikachanika pembe.

Bwana Taher akanijia jikoni. "Bi Kombo, liweke birika chini, vaa buibui ufuatane na hawa. Wewe kaa tu."

Nikamuuliza nikae nifanye nini.

"Ukae uwe mwanamke," akasema. "Hilo ndilo lililowashinda wao."

Nyumba ya kwanza ilikuwa Kuze. Mwenye nyumba alifungua mlango kiasi cha jicho moja, akaniona, akaufungua wote. Nikapita. Vijana nao wakataka kupita, akawaambia wao wakae hapo hapo dakani, pale penye kivuli baada ya mlango wa nje, wala wasivuke hatua. Basi boksi nikalibeba mimi. Kazi yote ilifanywa kwa kupigiana kelele, mimi ndani na wao nje, kama watu wanaouziana samaki.

"Bi Kombo, taa ngapi zimewaka?"

"Tatu."

"Rangi gani?"

"Mbili kijani, moja nyekundu."

"Hiyo nyekundu mbaya."

"Mbaya basi njoo uizime wewe."

Mwenye nyumba alicheka mpaka akaketi. Lakini tulifika. Nilichomeka nilichoambiwa nichomeke, nikachomoa nilichoambiwa nichomoe, na ile taa nyekundu ikageuka kijani. Mama yule akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni. "Kumbe wewe ndiye fundi," akasema. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyeingia." Tangu siku hiyo nikawa nafuatana nao, kisha nikawa natangulia, kisha nikawa naenda peke yangu na wao wakapelekwa maofisini, ambako hakuna anayewauliza mume yuko wapi.

Aliyenifunza nyumba ni Fundi Athmani. Yeye alikuwa mtu wa stima, aliyepitisha nyaya katika nyumba za Mji wa Kale tangu ndevu hazijamwota, na kila akija kununua tepu alikaa anywe chai yangu. Alipojua kazi niliyopewa hakunicheka. Aliniuliza swali moja: waifai naiona kama kitu gani? Nikamwambia kama moshi wa udi. Ukiufukiza ukumbini, hata aliye jikoni ataupata.

"Hilo ndilo kosa la mji mzima," akasema. "Ione kama taa ya chemni."

Hapo ndipo nilipoelewa. Taa ukiiweka ukumbini, chumba cha ndani kitapata ule mwanga unaopita mlangoni tu, na mlango ukifungwa ni giza. Kuta za fleti za mtaa wa Tudor ni kama pazia, mwanga utapita ukiwa umechoka. Kuta zetu hizi za mawe ya matumbawe na chokaa, mkono mzima ukiingia bado hujafika upande wa pili, hazipitishi kitu. Zilijengwa kuzuia jua na wezi, na waifai nayo ikahesabiwa humo humo.

Akanifundisha kugonga. Kabla ya kufungua boksi, alisema, zunguka nyumba yote ugonge kuta kwa kifundo cha kidole. Jiwe zima halijibu. Palipo na uwazi panajibu. Akanifundisha kuwa waya hupitishwa panapopita vitu vingine: kwenye tundu la bomba, penye waya wa stima wa kale, au kiwandani, ule uwa wa ndani usio na dari, ukashushwa kutoka juu kama ndoo ya kisima. Boriti usizitoboe kamwe. Zimebeba watu waliolala. Na keekee iwe ya mkono, kwa sababu ile mashine ya umeme hutikisa chokaa ya ukuta mzima, ukatoboa chumbani na plasta ikaanguka jikoni, ndani ya mchuzi wa watu. Keekee yake mwenyewe ndiyo aliyonipa, mpini wa mti, na ndiyo hiyo iliyo kwenye mkoba wenu. Itieni mafuta.

Vyombo vyangu vingine mwavijua. Waya mrefu mgumu wa kuvutia nyaya, bisibisi, koleo, chaki, na leso mbili kuukuu. Leso msizidharau. Mwanamke atakusamehe ukichelewa, atakusamehe ukikosea, lakini ukimwachia vumbi la chokaa kwenye godoro, habari zako zitafika Mwembe Tayari kabla yako. Tandika leso kwanza. Na kipimo changu kilikuwa simu. Nafungua kaswida ndefu, natembea nayo chumba kwa chumba. Inapokwama na kile kiduara kikaanza kuzunguka, naweka alama ya chaki sakafuni. Nikimaliza, nyumba yenyewe imenionyesha pale inapoumwa.

Na mara nyingi ugonjwa ni wa kujitakia. Mtaingia nyumba mkute boksi limevishwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, lisipate vumbi, na juu ya kitambaa chombo cha maua. Mwengine amelifungia katika kabati la vioo, kati ya vikombe vya harusi, lisipate husuda. Mwengine hulizima kila siku baada ya chakula cha mchana ili lipumzike, kisha hulalamika kuwa alasiri hakuna mtandao. Na wengi huliweka kidakani. Vidaka ni vile vishubaka vilivyochimbwa ukutani, ambamo bibi zetu waliweka sahani za kaure. Ni mahali pa heshima, kwa hivyo chochote kipya na cha thamani huenda huko. Lakini boksi likiwa kidakani lina mawe nyuma, mawe kushoto, mawe kulia na mawe juu. Ni kama kumweka mwadhini ndani ya mtungi. Litoeni, lakini litoeni kwa adabu. Semeni kidaka ni kizuri mno kwa kitu cha plastiki. Mimi ndivyo nilivyosema, na sikuwa nadanganya.

Tudor niliwahi kuitwa na mama mmoja aliyeamini kuwa mkaza mwanawe, anayekaa fleti ya juu, anaivuta waifai yote na kumwachia makapi. Alitaka nimwekee kizuizi darini. Nikazunguka na simu, nikakuta boksi liko nyuma ya friji. Nililisogeza hadi mezani, na sebule nzima ikapata. Mama yule hakufurahi hata kidogo. Alikuwa amejiandalia ugomvi wa Idi nzima, nami nikamharibia.

Sasa niwape ile kesi iliyokuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu nyumba yenyewe sasa ni zamu yenu.

Mwalimu Nuru mwamjua kwa jina. Husomesha Kurani kwa simu, watoto wa kike wa watu wetu waliohamia ng'ambo, ambako hakuna chuo karibu. Alikuwa akisomesha ukumbini kwa mamake mkwe, Bi Rehema, na boksi lilikuwa hapo hapo ukumbini, kwa hivyo hakuwa na shida. Mwaka juzi mumewe alifariki, ghafla, akiwa kazini Mbaraki. Nuru akaingia eda. Mwajua eda ilivyo: mjane hatoki, na hachanganyiki na wanaume wasio maharimu zake. Ukumbi ukawa ni wa wanaume wanaokuja kutoa mkono wa pole, na Nuru akahamia chumba cha ndani kabisa, nyuma ya kuta nene, ambako mtandao haukuwa umefika tangu dunia iumbwe.

Alinipigia simu ya kawaida. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikuwa ya kulia. Alisema masomo yanakatika kila aya ya pili, na wazazi wa kule wamemwambia kwa upole kuwa wanamwelewa, ila yakiendelea hivyo, mwisho wa juma watawahamishia watoto kwa mwalimu mwingine. Shemeji yake naye, kaka wa marehemu, amesema ni vyema waachwe waende. Nuru atalishwa na watoto wake watalishwa, hakuna haja.

"Sikukataa kulishwa, Bi Kombo," akaniambia. "Lakini wanafunzi wakenda hawarudi. Nikitoka eda nitakuwa sina kitu changu ila kungoja sahani ya mtu. Na mume nishamkosa. Hii kazi nisiikose."

Nikamwambia nakuja.

Bi Rehema ndiye aliyenifungulia. Twalingana umri, na kwa ukali pia, nadhani, ingawa wapo watakaosema amenishinda. Alikuwa amefiwa na mwana lakini uso wake ulikuwa mkavu kama jiwe la kusagia. Tukaamkiana kwa urefu, sabalkheri, hali, watoto, jirani, nikampa pole, akaipokea, kisha akatazama mkoba wangu.

"Umekuja kubomoa?"

"Nimekuja kutazama."

"Tazama basi. Macho hayatoboi."

Siku ya kwanza nilifanya lililo rahisi. Nikaweka boksi dogo la kurusha mtandao mbele katika chumba cha kati, likitazama mlango wa chumba cha ndani. Nikajaribu kaswida, ikaimba mpaka mwisho. Nuru akanishukuru, nikaenda zangu. Kesho yake akanipigia, hakuna kitu. Nilipofika nikaona sababu hata kabla ya kuvua viatu. Wageni wa kiume walikuwa wamejaa mpaka chumba cha kati, na mlango wa chumba cha ndani umefungwa, kama inavyopasa. Ubao wake ni mnene, wa kale, na mawe yamezunguka kila upande. Mtandao wa eda lazima upite mlango ukiwa umefungwa. Hilo hakuna karatasi inayokuja na boksi italiandika.

Ilibaki waya. Lakini waya upite wapi? Nyumba ile imeshikana na ya jirani kulia na kushoto. Kiwanda chake kilikwisha ezekwa zamani kikafanywa jiko. Chini ya mlango kuna kizingiti kirefu cha jiwe na ubao umekaa juu yake sawasawa, waya ungebanwa ukafa. Fremu ya mlango imechongwa nakshi yote, na mimi sikujaaliwa moyo wa kutia keekee kwenye nakshi. Ilibaki ukuta wenyewe. Ukuta wa kati ya ukumbi na chumba cha ndani, kwa upande ule ambao vyumba hivyo viwili vinakutana.

Nikamwambia Bi Rehema. Hakupandisha sauti.

"Ukuta huo aliujenga babangu," akasema. "Chokaa yake ilichomwa mbele ya macho yangu. Mwanangu kaoshwa nyuma ya ukuta huo si siku nyingi. Nawe wataka kuutia tundu kwa ajili ya simu."

"Si kwa ajili ya simu. Kwa ajili ya Nuru."

"Nuru yuko eda. Mtu wa eda hakai na simu."

"Hakai na wanaume. Kusomesha watoto Kurani hakuna aliyekukataza wewe wala yeye."

Shemeji, aliyekuwa karibu na mlango, akasema kuwa mambo hayo yaachwe, baada ya eda yataangaliwa. Nuru alikuwa nyuma ya mlango uliofungwa, na najua alisikia.

Nikatoka nje. Fundi Athmani alikuwa amekuja nami siku hiyo. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu na ngazi hakuiweza tena, lakini nilimwomba aje kwa kuwa stima ya nyumba ile aliitia yeye, enzi za ujana wake. Kizingiti cha mlango nacho kilimshinda, kwa hivyo alikaa barazani na fimbo yake. Nikamweleza ukuta. Aliniuliza kama ukumbini kuna vidaka. Nikamwambia vitatu. Na chumba cha ndani? Vitatu pia.

"Vimepeana mgongo?"

Nikamwambia sijui.

"Waashi wa zamani walipenda hivyo, kidaka kwa kidaka, ukuta usilemee upande mmoja. Kama vimepeana mgongo, ukuta hapo si mkono mzima. Ni kiganja. Nenda kagonge cha kati."

Nikarudi. Nikaomba ruhusa, kwa kuwa kidaka cha kati ndicho kilichokuwa na sahani kubwa ya kaure ya buluu. Bi Rehema akasema niguse ukuta, sahani nisiiguse. Nikapitisha mkono chini ya sahani, nikagonga nyuma ya kidaka mara tatu.

Ukuta ukajibu. Si mwangwi. Nuru alikuwa ameelewa mwenyewe, ameingiza mkono katika kidaka cha upande wake, akagonga. Ilisikika karibu kabisa, kama mtu anayegonga meza mliyokaa pamoja. Nikagonga tena, akajibu tena.

Nilimgeukia Bi Rehema. Nilikuwa na maneno yangu tayari, mengine makali, na nashukuru sikuyatumia. Alikuwa akiutazama ukuta. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeulizia bei:

"Na yule mwenye kithembe? Amefika wapi?"

Sikuelewa. Nikadhani amechanganyikiwa na msiba. Nuru akajibu kwa nyuma ya ukuta, na sauti yake ikatoka hafifu kidakani, "Amebakisha juzuu ya mwisho, mama. Akihitimu ni mwezi huu."

Hapo ndipo mambo yalipofunguka. Miaka yote ile Nuru aliposomesha ukumbini, Bi Rehema alikuwa akikaa kwenye kiti chake akishona kofia, akisikiliza. Nyuso za watoto hakuwahi kuziona, na majina hakuyashika, lakini sauti alizijua zote. Yule wa haraka haraka. Yule anayelia akikosea. Yule mwenye kithembe. Tangu mwanawe azikwe na Nuru ahamie ndani, nyumba ilikuwa imejaa wageni, lakini sauti zile hazikuwamo. Hakuwa amemwambia mtu. Angemwambia nani? Mimi nisingesema pia.

Akainuka. Akaishika sahani ya kaure kwa mikono miwili, akaitoa kidakani yeye mwenyewe, akaiweka kitandani pake juu ya mto.

"Toboa," akanambia. "Na kama ukuta utaanguka nitakuzika chini yake."

Nikatandika leso zote mbili. Nikatia keekee. Upande wa pili Nuru aligonga kidakani kunionyesha mahali, nami nikawa nafuata sauti yake. Chokaa ya nje ilikuwa ngumu, halafu jiwe likawa laini, na matumbawe ya kale yana tabia ya kumung'unyuka. Badala ya tundu la waya nikapata tundu la kiasi cha ndimu. Nilitamka neno ambalo sitaliandika. Bi Rehema alisema amelisikia.

Waya ukapita. Nikauunga kwenye boksi la ukumbini, nikaingia kwa Nuru nikauunga kwenye boksi la pili, nikaliweka mezani, si kidakani, msije mkasema nasema nisilolitenda. Taa zikawaka kijani zote. Nikatoka, mlango ukafungwa kabisa, ubao juu ya kizingiti. Shemeji akaujaribu kwa mkono, nadhani alitaka kuona kama umefungwa kweli. Tukangoja.

Kwanza tulisikia simu ikilia kule ndani. Halafu salamu ya Nuru. Halafu sauti ya mtoto, safi, haikukatika wala haikukwaruza, akianza sura na ulimi wake ukikwama penye kila sini. Ilitoka kwenye lile tundu kama maji ya mfereji. Bi Rehema aliivuta meza yake ndogo ya kushonea, akakivuta na kile kiti chake mpaka karibu na kidaka, akakaa, akaegemeza kichwa. Mtoto alipokosea, midomo yake Bi Rehema ikamsahihisha kabla Nuru hajamsahihisha. Mimi nikakaa kwenye sakafu. Niliyoyasikia kifuani sikuyaita furaha. Yalikuwa kama kutua mtungi.

Nikakoroga chokaa kidogo katika kopo nipate kumalizia kazi. Nilipoinua mwiko, Bi Rehema akanishika mkono.

"Wafanyani?"

"Naziba. Tundu limekuwa kubwa kuliko waya."

"Nani amekutuma uzibe?"

Nikamwambia panya watapita. Akasema panya wa nyumba ile wana adabu. Nikamwambia si kazi ya fundi kuacha tundu wazi namna ile. Akasema basi niwaambie watu kuwa si mimi niliyelifanya. Nikaimwaga chokaa nje. Fundi Athmani barazani akauliza kumekuwaje, nikamweleza, akacheka peke yake mpaka msikitini.

Wanafunzi hawakwenda popote. Mwenye kithembe alihitimu mwezi ule ule, Nuru akiwa bado eda. Sherehe haikuwapo, lakini Bi Rehema alinunua halua, akakata kipande akakiweka kidakani, fungu la mtoto aliye ng'ambo. Siku ya pili hakikuwapo. Panya wenye adabu, nadhani. Shemeji naye hakusema tena habari ya kulisha. Alichosema ni kuomba paswadi.

Eda imekwisha zamani. Nuru angeweza kurudi kusomesha ukumbini, lakini amebaki chumba cha ndani, asema kule ametulia zaidi. Bi Rehema hakumwomba arudi. Fundi Athmani ametangulia, Mungu amrehemu, na mimi nimerudisha ngazi. Sijaacha nyuma nyumba hata moja yenye chumba cha kiza, na hilo lanitosha kulala.

Boksi la kwa Bi Rehema limechakaa na mtaitwa kulibadilisha karibuni. Mtaona kidakani tundu kubwa lisilozibwa, na Saumu, najua wewe kazi mbovu huivumilii, mkono utakuwasha. Usiliguse. Badilisheni boksi, pitisheni waya mpya pale pale, mkunje leso zenu mwende. Na kile kiti kilicho chini ya kidaka, hata kikiwazuia kusimamisha ngazi, msikisogeze. Isimamisheni kando.